Paka Mzee Anapolia Usiku

Katika nyumba za delta ya Rufiji paka hakuletwa ili abembelezwe. Aliletwa kwa ajili ya mpunga. Familia iliyokaa wiki nyingi kwenye dungu, ikiamia ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku, haiwezi kukubali kwamba mavuno yale yakishafika nyumbani yaishie matumboni mwa panya. Kwa hiyo paka ana kazi, na kazi hiyo ndiyo inayompa haki ya kukaa. Hutupiwa vichwa vya samaki na maganda ya kamba, hulala juu ya magunia, na hakuna anayemhesabia miaka. Kisha siku moja watu wa nyumba wanagutuka kwamba hashiki tena panya, uti wa mgongo umechomoza, na kila ikifika saa nane za usiku anasimama katikati ya nyumba analia kwa sauti nene na ndefu ambayo hakuwa nayo zamani. Sababu huwa tayari midomoni mwa watu, nazo ni tatu. Ya kwanza ni kwamba amedeka na ameharibika tabia. Ya pili ni kwamba anataka kupandwa, au kupanda. Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba anayelia hapo si paka, au kama ni paka basi hayuko peke yake. Zote tatu zina kasoro moja, kwamba zinafunga maswali kabla hayajaulizwa. Ninachokitetea katika sura hii ni kwamba paka mzee aliyebadilika sauti na mwenendo karibu kila mara ana kitu kilichobadilika mwilini mwake, na kwamba watu walioishi naye miaka kumi wanacho kipimo kizuri cha kukigundua, hata huko Msala au Mbwera ambako hakuna maabara na usafiri wenyewe husubiri maji yajae.

Tuuangalie kwanza mlio wenyewe. Mtoto wa paka humlilia mama yake akisikia njaa au baridi, au akipotea. Akishakua, mazungumzo yake na paka wenzake hupita zaidi kwenye mkia, masikio, harufu na mkao wa mwili. Sauti hubaki kwa ugomvi na kwa kutafutana wakati wa kupandana. Ule mlio wa kawaida tunaouita "nyau" paka mkubwa huuelekeza zaidi kwa binadamu. Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani, Nicholas Nicastro, alichapisha ulinganisho wa milio ya paka wa nyumbani na ya paka pori wa Afrika, ambao ni ndugu zao wa karibu kabisa. Watu waliosikilizishwa milio hiyo waliona ya paka wa nyumbani inapendeza zaidi masikioni. Mnyama huyu amekaa na wakulima wa nafaka kwa maelfu ya miaka, na katika kukaa huko sauti yake imekuwa njia ya kutusemesha sisi. Ndiyo maana badiliko la sauti hiyo ni habari yenye uzito. Paka anayeamka usiku wa manane na kulia ndani ya nyumba ya watu hajaanza mchezo mpya uzeeni. Anatumia njia ileile aliyoitumia maisha yake yote kuomba chakula na kufunguliwa mlango, ila sasa anachokiomba hatukijui.

Uzee wa paka huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wataalamu wa tiba ya wanyama humwita mzee akishapita miaka kumi, na paka wa miaka 15 hulinganishwa na binadamu wa miaka 76 hivi. Danièlle Gunn-Moore wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzake walikusanya mwaka 2007 yaliyokuwa yakijulikana kuhusu akili za paka wazee, wakaeleza kwamba kati ya paka wa miaka 11 hadi 14, asilimia 28 huonyesha angalau badiliko moja la tabia linalohusishwa na uzee, na kwamba baada ya miaka 15 idadi hupita nusu. Katika kundi hilo la wazee zaidi, mabadiliko yaliyotajwa sana yalikuwa mawili: kulia kupita kiasi na kutangatanga bila shabaha. Hapa msomaji wa Kibiti ana haki ya kuuliza: paka gani wa huku anafika miaka 15, na mbwa wapo, sumu ya panya ipo na magari ya barabara ya Kilwa yapo? Ni kweli kwamba wengi hufa wadogo. Lakini paka aliyevuka miaka yake miwili ya kwanza na kuzoea nyumba yenye samaki hudumu, na wengi hudumu bila mtu kutambua, kwa sababu hakuna anayeandika siku ya paka kuzaliwa. Kalenda ya kumpimia ipo ndani ya familia. Paka aliyezaliwa mwaka mmoja na mtoto ambaye sasa anafanya mtihani wa darasa la saba ana miaka kama kumi na mitatu, na huyo ni mzee kwa kipimo chochote. Ukishajua hivyo, neno "ameharibika" linaanza kupwaya.

Mwili wa paka mzee una njia kadhaa za kumfanya alie, na ile inayodanganya watu kuliko zote ni ya tezi iliyo kooni, tezi ya thairoidi. Ugonjwa wa tezi hii kufanya kazi kupita kiasi ulielezwa kwa paka kwa mara ya kwanza mwaka 1979 huko New York, na tangu hapo umeonekana kuwa miongoni mwa magonjwa makubwa ya paka waliopita miaka minane au kumi. Tezi inamwaga homoni nyingi mno, moyo unadunda haraka, mwili unachoma chakula kama moto wa makumbi. Paka anakula kuliko alivyokula ujanani na bado anakonda. Hatulii, anazunguka, usiku analia. Mwenye nyumba anayemwona ameiba samaki sufuriani humwita mlafi na kumpiga. Lakini ulafi wa kweli hunenepesha. Paka anayekula sana huku akikonda mara nyingi ana minyoo, au ana kisukari, au tezi yake imeharibika, na katika yote matatu fimbo haina kazi.

Figo nazo huchoka, na dalili yake ni maji. Paka ambaye miaka yote hukumwona akinywa, kwa kuwa aliyapata maji ndani ya samaki aliyemla, sasa unamkuta kwenye ndoo, kwenye beseni la vyombo, kwenye kata ya mtungi. Anakojoa mkojo mwingi usio na harufu kali, na pengine haufikishi nje. Katika vijiji vilivyo karibu na bahari jambo hili lina ugumu wake, kwani kiangazi maji ya visima huonja chumvi na maji baridi huchotwa mbali na kutunzwa. Paka mwenye figo mbovu akinyimwa maji hukauka upesi, hutapika, huacha kula, na kulia kwake usiku huenda ni kiu tu. Mara nyingi figo mbovu na tezi iliyoharibika huambatana na shinikizo la damu. Kwa paka madhara yake ya ghafla zaidi huonekana machoni: utando wa nyuma ya jicho unabanduka, na mnyama aliyelala akiona anaamka kipofu. Kila mwenye tochi anaweza kumkagua. Mboni za paka mzima hujikunja kuwa uzi mwembamba zikimulikwa. Za paka huyu hubaki wazi, duara na nyeusi, hata ukimulika karibu. Mtu akijua hilo, kilio cha saa nane kinaeleweka vingine. Taa zimezimwa, watu wamenyamaza, hakuna sauti ya kumwelekeza, na paka aliyezoea kuona gizani kuliko sisi hajui tena ukuta uko wapi.

Masikio yanafuata macho. Paka asiyejisikia hawezi kupima sauti yake, kwa hiyo hulia kwa nguvu kama mtu anayezungumza kwenye simu yenye kelele, na kumkemea ni kupoteza pumzi kwa sababu hakusikii. Maungo nayo huuma zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 2002 madaktari wa North Carolina walichapisha uchunguzi wa picha za eksirei za paka 100 waliopita miaka 12, na 90 kati yao walionekana na uharibifu wa viungo. Wengi hawakuwa wakichechemea. Paka hachechemei kama mbwa. Anaacha tu kuruka. Yule aliyekuwa akipanda juu ya magunia na kulinda kutoka huko sasa analala chini, panya wanapita juu yake, na nyumba nzima inasema amekuwa mvivu. Anakojoa pembeni ya mlango kwa kuwa kizingiti kimekuwa kirefu kwake. Akishikwa kiunoni na mtoto anauma. Badala ya tabia mbaya tatu, kuna nyonga moja inayouma.

Kuhusu maumivu na tabia, Rufiji yenyewe ina kisa ambacho wataalamu wa wanyama wamekiandika, nacho ni cha paka mkubwa kuliko huyu. Kati ya 2002 na Aprili 2004 simba mmoja alihusishwa na vifo vya watu wapatao 35 katika vijiji vya kando ya mto. Watu walimpa jina la Osama. Askari wanyamapori walipompiga risasi ilionekana kwamba alikuwa simba kijana, wa miaka mitatu na nusu hivi, na kwamba gego lake moja lilikuwa limepasuka na chini yake pana jipu kubwa. Rolf Baldus, Mjerumani aliyekuwa mshauri wa masuala ya wanyamapori nchini, aliandika kwamba simba yule bila shaka alikuwa na maumivu makali, hasa alipotafuna. Simba wa Tsavo waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898, ambao mafuvu yao yapo kwenye jumba la makumbusho la Field huko Chicago, nao wana habari ya meno: mmoja wao alikuwa na chonge lililovunjika na usaha kwenye mzizi.

Nisiutumie ushahidi huu kupita uwezo wake. Mwaka 2005 mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 560 tangu 1990, na kwamba jambo lililowaleta karibu na watu lilikuwa nguruwe mwitu, ambao huingia mashambani, na wakulima hulazimika kulala kwenye madungu kuwafukuza. Simba wenye meno mazima wameua watu pia. Jipu la jino halielezi kila kitu, na anayesema linaeleza amerahisisha msiba wa familia nyingi. Ninachochukua katika kisa hiki ni kidogo zaidi, ila kinanitosha. Kusini mwa Tanzania imani ya simba wa kutumwa ina mizizi mirefu, na mahali palipo na imani hiyo mazungumzo huishia kwenye swali la nani amemtuma. Waliomfungua mnyama kinywa walikuta jambo ambalo hakuna mabishano ya kutumwa yangeweza kulionyesha. Paka wa nyumbani naye hufunguliwa kinywa, tena bila bunduki. Fizi nyekundu zinazotoka damu, jino linalotikisika, harufu ya usaha, mate yanayoning'inia, kusogelea chakula kisha kurudi nyuma na kulia: hayo yanaonekana kwa macho ya kawaida mchana kweupe, na ni mengi sana kwa paka wazee.

Yapo hata hivyo yasiyoonekana kinywani wala machoni, yaliyo kwenye ubongo. Paka wengine wazee hupata ugonjwa wa kusahau unaofanana na ule wa Alzheimer kwa binadamu. Ndani ya bongo zao hujikusanya protini iitwayo amiloidi, na mwaka 2025 watafiti wa Edinburgh walieleza, baada ya kuchunguza bongo za paka 25, jinsi protini hiyo inavyokaa mahali ambapo seli za ubongo hupeana habari. Paka wa namna hii husimama kwenye kona akitazama ukuta. Anakula, na baada ya nusu saa analia kana kwamba hajala. Mchana kutwa analala, usiku kucha anatembea. Anasahau mlango uko upande gani, anamkwepa mtu aliyemlea, au kinyume chake anamng'ang'ania na hataki kuachwa hata kidogo. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwahamisha watu wengi wa Rufiji na Kibiti kutoka majumbani mwao, na ni vyema kukumbuka kwamba paka wa namna hii huijua nyumba kwa mazoea tu; ukimhamishia nyumba ya shemeji kwenye mwinuko, ramani yote aliyobaki nayo imefutika, na kulia kwake kutazidi bila ugonjwa kuzidi. Ugonjwa huu hauna kipimo cha damu. Hata Edinburgh daktari huufikia kwa kuondoa mengine yote kwanza: tezi, figo, macho, meno, maungo. Ndiyo maana sipendi kuona neno "uzee" likitumiwa kama jibu. Mtu akisema paka analia kwa sababu ya uzee amesema umri wake, hajasema ugonjwa wake.

Pingamizi zito kuliko yote kwa haya ninayoyasema ni la hatari. Mnyama aliyebadilika ghafla tabia na sauti, katika nchi ambayo kichaa cha mbwa bado kipo, anaweza kuwa na kichaa, na paka hukipata kama mbwa. Kuanzia 2010 Shirika la Afya Duniani lilishirikiana na serikali kuchanja mbwa kwa wingi kusini-mashariki mwa Tanzania na Pemba kwa sababu hiyo, kwani mbwa ndiye chanzo kikuu. Je, kumshauri mtu amkaribie paka anayelia ovyo, amfungue kinywa, si kumpeleka kwenye kifo? Jibu liko kwenye hesabu ya siku. Kichaa huenda mbio. Paka aliyekuwa mzima wiki iliyopita anakuwa mkali au anajificha, sauti inakwaruza, mate yanamtoka, anaparamia watu na vitu, miguu inalegea, na kwa kawaida ndani ya siku kumi tangu dalili zianze amekufa. Uzee huenda taratibu: alianza kulia mwezi wa Ramadhani, sasa ni mavuno, na bado anakula. Basi kanuni ni kwamba paka aliyebadilika ndani ya siku chache haguswi kwa mkono. Anafungiwa mahali na afisa mifugo wa kata anaitwa. Aliyeumwa au kukwaruzwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kupata chanjo. Hili halina mjadala. Paka aliyebadilika polepole kwa miezi ndiye ninayemzungumzia katika sura hii, na mwenye kumbukumbu ya siku hizo ni mtu wa nyumba, si mtaalamu yeyote.

Pingamizi la kupandana halihitaji maneno mengi, ila lina ukweli ndani yake. Paka jike hakomi kupata joto kama mwanamke anavyokoma hedhi. Bibi wa miaka kumi na mbili bado anaweza kuita madume. Tena karibu na ikweta mchana haufupiki sana, kwa hiyo majike huku hawana msimu, huweza kuita mwezi wowote. Lakini jike mwenye joto hujibingirisha, huinua kiuno ukimgusa mgongoni, mashume hukusanyika uani, na baada ya siku kadhaa hunyamaza. Mlio usio na mashume, usio na kujibingirisha, unaorudi kila usiku kwa miezi, hauelezwi na joto. Kwa dume aliyehasiwa hoja hiyo haipo kabisa.

Sababu ya tatu, ile inayosemwa kwa sauti ya chini, inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu wanaoiamini ni watu wazima wenye akili zao na hofu yao ni ya kweli. Paka anatembea usiku, macho yake yanang'aa, mlio wake wakati mwingine unafanana na wa mtoto mchanga. Haishangazi kwamba amehusishwa na wanga. Sitabishana hapa na mtu kuhusu kuwepo kwa wanga. Nauliza jambo jepesi: anayelia ni nani? Kama ni paka yuleyule aliyelala juu ya magunia yenu kwa miaka kumi na mitatu, mwenye kovu lilelile sikioni, basi mnamjua kuliko mgeni yeyote, na itakuwa ajabu awe mwenzenu mchana kwa miaka hiyo yote na adui siku ile mboni zake zilipoacha kujikunja. Mulika macho kwanza. Watu wa delta kwa wingi ni Waislamu, na mafundisho waliyoyapata tangu chuoni yako upande wa paka. Sahaba Abu Qatada aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Na habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie inajulikana na kila mtoto wa madrasa. Mafundisho hayo hayakuweka umri ambao paka akiufikia huruma hukoma.

Yupo atakayesema kwamba haya yote ni mambo ya watu wenye hospitali za paka. Kutoka delta hadi daktari wa wanyama mwenye kipimo cha damu ni safari ya Dar es Salaam, au ya Morogoro kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Boti, kisha gari, kisha malipo, kwa mnyama ambaye hakununuliwa hata kwa shilingi moja. Naikubali hesabu hiyo. Sisemi paka apande boti. Nasema kwamba hata daktari wa mjini, kabla hajachukua damu, ataanza kwa kuuliza: ameanza lini, analia saa ngapi, akiwa wapi, baada ya kufanya nini, anakula vipi, anakunywa vipi, anakojoa wapi, amekonda kwa muda gani? Majibu ya maswali hayo yako kijijini. Mizani ya kupimia kamba au mpunga humpima paka pia. Mpime leo na mpime baada ya mwezi mmoja. Afisa mifugo wa kata, hata kama kazi yake ya kila siku ni ng'ombe wa wafugaji waliohamia bonde la Rufiji, akipewa majibu hayo kwa simu anaweza kusema jambo la maana. Akiambiwa tu kwamba paka ana kelele, hana la kusema. Na tiba nyingine hazitoki mbali. Dawa inayotumika sana kwa shinikizo la damu la paka ni amlodipini, ileile wanayomeza wazee wetu, kwa kipande kidogo mno cha kidonge ambacho mtaalamu ndiye anayekikadiria.

Hapo ndipo pana hatari ambayo lazima isemwe kwa sauti. Dawa za binadamu hazigawanywi na paka kwa kukisia. Panadol humuua. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama letu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kuigeuza damu yake isibebe hewa. Fizi zinageuka rangi ya udongo, uso unavimba, na mtu aliyempa kwa huruma anadhani ugonjwa wa kwanza ndio umemuua. Diklofenaki nayo huumiza figo ambazo tayari ni mbovu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, akipakwa paka ili viroboto vimtoke, humtetemesha hadi kufa, kwani nyingi kati ya dawa hizo zimetengenezwa kwa kemikali ambazo mwili wake hauziwezi. Na samaki wabichi wa kila siku, jambo ambalo kwa watu wa delta huonekana ni ukarimu, huwa na tatizo: baadhi ya samaki wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka akila hao tu kwa muda mrefu huyumba, hukunja shingo na kupata degedege. Kuchemsha kunakiondoa kitu hicho. Samaki aliyechemshwa bila chumvi, akachambuliwa miiba, akapewa paka mwenye meno mabovu usiku kabla watu hawajalala, huweza kupunguza kilio cha usiku huohuo. Bakuli la maji baridi lisilohamishwa mahali pake, gunia kuukuu lililokunjwa chini badala ya juu, kisanduku cha mchanga ndani ya nyumba, taa ndogo ya sola iliyoachwa ikiwaka ili asiyeona vizuri apate pa kushika: hakuna katika hivyo kinachonunuliwa Dar es Salaam.

Linabaki pingamizi la mwisho, nalo ni la maisha magumu. Nyumba yenye mtoto mwenye homa na mpunga ulioliwa na maji ya chumvi haina nafasi ya kumfikiria paka asiyeshika panya. Sitamlaumu mtu huyo. Ila nitamwambia kwamba kumtia paka kwenye kiroba, kumpakia kwenye mtumbwi na kumwacha ng'ambo kwenye mikoko, kama wengine wafanyavyo, kunachukua muda mrefu kuliko kumchemshia kichwa cha samaki, na kipofu aliyeachwa kwenye tope la bamvua hafi kwa upole. Wahenga waliosema paka wa nyumba haingwa walichagua kitenzi cha shambani, kile cha kuwafukuza ndege kwenye mpunga. Anayeingwa ni mwizi wa mavuno. Huyu ndiye aliyeyalinda mavuno hayo. Kama ugonjwa umefika mahali pasipo nafuu, hawezi kula, hawezi kusimama, analia mchana na usiku, afisa mifugo anaweza kuombwa ampumzishe bila mateso, na hiyo nayo ni huduma.

Kwa hiyo usiku wa leo, kama paka wako mzee atasimama tena katikati ya nyumba na kulia, usimtupie kandambili. Chukua tochi umtazame mboni. Asubuhi mfungue kinywa, mpapase nyonga, mpime kwa mizani ya kamba, na uandike tarehe.